Kilo 200 Kila Mwisho wa Kenchi

Msimu wa kusi ukishika, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari tuliyoizoea: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Wavuvi husikiliza. Anayepaua nyumba Chamazi au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, huona halimhusu. Lakini upepo wa kasi hiyo hukandamiza kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 8, na bati la geji 28 lina uzito wa kama nusu ya hapo. Kinacholishikilia ni msumari tu.

Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara nne. Chukua dharuba ya mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Hapo ni kilo 56 kwa mita ya mraba, na sehemu kubwa ya paa lenye mteremko mdogo haikandamizwi, bali hunyonywa kwenda juu. Kingo na pembe hunyonywa zaidi. Paa la baraza hupata yote mawili kwa pamoja: linanyonywa juu na kusukumwa kutoka chini. Pagale lililokwisha kuezekwa bila madirisha nalo huingiza upepo ndani, ukaliinua paa kama tanga. Nyumba ya upana wa mita 8, kenchi zikiwa na nafasi ya mita 1.2, hata ukitoa uzito wa bati na mbao, kila mwisho wa kenchi unavutwa juu kwa kama kilo 200.

Makala hii inahusu namna ya kuzisoma kanuni zinazotoa tarakimu hizo, na ugumu wenyewe ni wa kweli. Wahandisi wengi nchini walifundishwa kwa kanuni za Uingereza. CP 3 ya mwaka 1972 inataka kasi ya dharuba ya sekunde 3. BS 6399, iliyochukua nafasi yake, inataka wastani wa saa nzima. Kanuni za Ulaya, zilizoiondoa hiyo nayo mwaka 2010, zinataka wastani wa dakika 10. Mhandisi akichukua wastani wa saa na kuuingiza katika majedwali ya CP 3, amekosea kwa kiasi kikubwa: mahali pa wazi dharuba hupita wastani huo mara moja na nusu hivi, na nguvu huzidi maradufu. Mahesabu yatakuwa safi, yamepigwa muhuri, na paa litakuwa dhaifu.

Kanuni pia huuliza nyumba imekaa wapi. Mteremko wa Makongo Juu huongeza kasi ya upepo. Mbweni bahari iko karibu. Mbagala ya ndani nyumba zimebanana na hukingana, lakini nyumba ya kwanza kwenye viwanja vipya vya Mabwepande imesimama peke yake, na haifai kuhesabiwa kana kwamba mtaa umekwisha kujaa.

Hata hivyo, nyumba nyingi za pembezoni mwa jiji hazimfikii mhandisi kabisa. Msomaji wa mwisho wa kanuni ni fundi wa kenchi. Michoro ya kibali humwonyesha pembe ya paa na ukubwa wa mbao, lakini mara nyingi haimwonyeshi paa linafungwa na nini. Basi hupiga misumari miwili mshazari, na msumari huvumilia kukatwa kuliko kung'olewa. Akifunga kwa waya, huufunga kwenye kozi ya juu kabisa, kozi mbili tatu juu ya linta. Upepo ukija unang'oa paa pamoja na tofali zake. Kamba ya chuma ingepaswa kutoka kwenye zege la linta lenyewe, iachwe ikichomoza siku zege linapomwagwa, kisha ipande na kukumbatia kenchi. Gharama yake ni ndogo mbele ya bei ya mabati.

Wapo wanaosema vimbunga si vyetu. Lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuipiga Bagamoyo. Mwaka 1952 kingine kiliingia Lindi. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tena paa la baraza halingoji kimbunga. Dharuba ya dakika chache kabla ya mvua ya masika inalitosha.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za Kinondoni, Temeke na jirani zake jambo moja mahususi. Kila ombi la kibali cha nyumba ya kuishi liwe na karatasi moja inayoonyesha mfungo wote: bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa linta, linta kwa ukuta. Karatasi hiyo ichorwe kwa namna ambayo fundi ataielewa bila kufunguliwa kitabu, na mkaguzi apande ngazi kuilinganisha na paa kabla dari haijapigwa.