Ugali kwa uma, unamwonyesha nani?

Ingia hoteli yoyote Wote au Kitui mjini Jumamosi, utaona vijana walio deti wakihangaika na ugali kwa kisu na uma. Unamwonyesha nani? Ugali hukatwi hivyo, unafinyangwa kwa vidole na kuchovya mchuzi. Nawa mikono, ule. Muthokoi nao unataka kijiko, basi.

Ukiletewa kipande kikubwa cha nyama, sawa: uma kushoto, kisu kulia. Ukimaliza, vilaze pamoja kwenye sahani, weita ajue umeshiba.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni wewe kumpigia weita mluzi kama unaita mbwa, halafu unajiita mstaarabu. Huyo ni mtoto wa mtu, na huku kwetu pengine mlisoma naye.