Anayeongoza Riadha Apimwe kwa Kipimo Gani?

Tangu ilipomalizika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1980, kila timu ya Tanzania iliyokwenda katika michezo hiyo imerejea bila medali, na kila mara swali linaloulizwa limekuwa lile lile: nani aondoke? Viongozi wa riadha hutajwa mmoja baada ya mwingine, makosa yao huhesabiwa hadharani, na kabla vumbi halijatua hutafutwa mwingine wa kukalia kiti. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni lile lililopaswa kutangulia. Huyo anayeondoka, siku alipokabidhiwa kazi, aliambiwa kwamba angepimwa kwa kitu gani? Na huyo anayekuja, ameambiwa nini?

Jambo hili si la wapenzi wa michezo peke yao. Ni jambo la uongozi, na kila mtumishi wa umma amewahi kuliona. Mwalimu mkuu aliyehamishiwa shule mpya mwezi Agosti hulaumiwa kwa mtihani wa Septemba, ambao wanafunzi wake waliandaliwa na mwingine kwa miaka saba. Ofisa aliyeripoti kazini jana husifiwa kwa kisima kilichochimbwa na mtangulizi wake. Lakini pengine hakuna mahali ambapo kasoro hii ya kupima watu huonekana wazi kama katika riadha, na hakuna mahali pazuri pa kuitazamia kama nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha.

Karatu ndipo alipozaliwa Ndugu Filbert Bayi mwaka 1953, wakati eneo hilo lilipokuwa bado sehemu ya Mbulu. Tarehe 2 Februari, 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, kijana huyo aliongoza mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi mwisho, akamshinda John Walker mbele ya wananchi wenzake, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1979. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaica, aliweka pia rekodi ya dunia ya mbio za maili moja. Huko Mbulu, jirani na Karatu, ndiko anakotoka Ndugu John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 mjini Mexico aliumia mguu katika mbio za marathoni, akaendelea hadi mwisho ingawa washindi walikuwa wamekwisha kupokea medali zao.

Watu wengi wakiitazama historia hiyo huishia kwenye hewa na milima. Husema kwamba mji wa Karatu uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwamba ukingo wa kreta ya Ngorongoro umepita mita 2,200. Kwa hiyo mtoto anayekulia Rhotia, Oldeani au Mbulumbulu huzaliwa na mapafu ya mwanariadha. Mwinuko husaidia, hilo halina ubishi. Lakini mwinuko hauandiki majina ya watoto wenye mbio. Haushiki saa, hautafuti viatu, hautibu goti lililoteguka, wala haupeleki jina la mkimbiaji kwa waandaaji wa mashindano kabla ya siku ya mwisho. Hayo yote hufanywa na mtu. Mtu huyo, aitwe katibu mkuu wa chama au meneja wa timu, apatikane kwa kura au kwa kuajiriwa, ndiye anayehusika hapa.

KAZI YA MENEJA

Wamarekani wana mchezo wa besiboli, ambao kila timu yake kubwa ina ofisa anayeitwa meneja mkuu. Huyo si kocha. Hakai uwanjani kuelekeza mchezo. Kazi yake ni kutafuta wachezaji, kusaini mikataba, kugawa fedha, na kuhakikisha kwamba vijana wanaolelewa katika timu ndogo watakuwa tayari baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2002 timu ya Boston Red Sox, iliyokuwa haijapata ubingwa tangu mwaka 1918, ilimpa kazi hiyo kijana wa miaka 28, Theo Epstein. Mwaka 2004 Boston ikawa bingwa.

Lakini funzo kubwa zaidi liko katika kazi yake ya pili. Mwaka 2011 Epstein alikabidhiwa usimamizi wa juu wa timu ya Chicago Cubs, ambayo haikuwa imeonja ubingwa tangu mwaka 1908. Msimu wake wa kwanza timu ilishindwa michezo 101 kati ya 162. Kwa misimu mitatu mfululizo ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Kwa kipimo cha makelele ya uwanjani, mtu huyo alistahili kufukuzwa mara tatu. Hakufukuzwa, kwa sababu waliomwajiri walikwisha kukubaliana naye tangu mwanzo kwamba kazi ya miaka ya kwanza ilikuwa kukusanya na kulea vijana. Mwaka 2016 Chicago ikatwaa ubingwa.

Hapana haja ya kuiga kila kitu cha Marekani. Timu za huko ni mali za matajiri, na riadha ya Tanzania ni ya wananchi. Baraza la Michezo la Taifa lenyewe liliundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967 ili michezo iwe na msimamizi wa umma. Basi kama tajiri anayetafuta faida anaweza kukubaliana na meneja wake juu ya kipimo kabla ya kazi kuanza, chombo cha umma kinachotumia jina la taifa kinapaswa kufanya hivyo zaidi.

BINGWA NA MSIMAMIZI

Upungufu wa kwanza upo katika kuchagua. Mara nyingi wajumbe huangalia jina. Aliyewahi kukimbia vizuri hudhaniwa kwamba ataongoza vizuri. Tanzania ina bahati kwamba washindi wake wawili wa medali za Olimpiki, Ndugu Bayi na Ndugu Suleiman Nyambui, waliopata medali za fedha mjini Moscow mwaka 1980, wote wawili walikubali baadaye kubeba mzigo wa uongozi wa michezo, badala ya kukaa pembeni na kusimulia ya zamani. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Hata hivyo, aliyekimbia anajua maumivu ya mkimbiaji, na ujuzi huo hauwi peke yake ujuzi wa kutunza hesabu, kuandika mikataba au kupanga mafunzo ya walimu mia mbili. Billy Beane, meneja mkuu wa besiboli aliyepata sifa kubwa kwa kuiongoza timu maskini ya Oakland, ambayo mwaka 2002 ilishinda michezo 20 mfululizo, alikuwa mchezaji wa kawaida tu asiyefika mbali. Bingwa wa zamani achaguliwe, ikiwa ameonyesha kwamba anaiweza kazi ya ofisi. Asichaguliwe kwa sababu ya medali, na asiye na medali asikataliwe kwa sababu hiyo.

Upungufu wa pili, ambao ni mkubwa zaidi, upo katika kuhukumu. Medali ni jambo la siku moja, na siku moja hubeba mengi yasiyo mikononi mwa kiongozi. Mwaka 1976 dunia nzima ilikuwa ikingoja kuona Bayi na Walker wakikutana mjini Montreal. Hawakukutana. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, iliisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga katika Afrika Kusini ya makaburu. Taifa lilichagua utu wa Mwafrika badala ya medali, na lilichagua sawa. Je, aliyesimamia riadha mwaka huo angeandikiwa sifuri?

Mfano wa karibuni unatoka kwa Ndugu Alphonce Simbu, mwanajeshi na mkimbiaji wa marathoni kutoka Singida. Mjini Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. Mjini London mwaka 2017 alipata medali ya shaba ya mashindano ya dunia. Mjini Paris, katika Olimpiki ya mwaka 2024, alikuwa wa 17. Mwezi Septemba, 2025, mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia, naye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda ule ule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Anayempima kiongozi wa riadha kwa Paris atasema ameshindwa. Anayempima kwa Tokyo atasema ni hodari. Kati ya hukumu hizo mbili imepita miaka isiyofika miwili, na mkimbiaji ni yule yule. Kipimo kinachogeuka kwa sehemu tatu za mia za sekunde hakifai kumpima mtu kazi ya miaka minne.

MBEGU NA MAVUNO

Tena mavuno ya riadha huchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMISHUMTA na UMISSETA, ambayo huwakutanisha wanafunzi wa shule za msingi na sekondari, yalisimamishwa kwa muda kabla ya kurejeshwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2002, akiwa Endabash au Mang'ola, hakupata mashindano ya kumtoa kijijini kwake na kumwonyesha wilayani. Mwaka 2012, timu ilipokwenda London, mtoto huyo alikuwa na miaka 22. Mwaka 2016 alikuwa na 26, umri wa mkimbiaji kuwa katika nguvu zake. Waliolaumiwa kwa kurudi mikono mitupu miaka hiyo hawakuwa wao waliofunga mlango wa shule. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Lakini katika riadha mti ulioteleza huwa ulikatwa miaka kumi nyuma.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawapa wazembe mahali pa kujifichia: kila atakayeshindwa atasema mbegu haijaota. La hasha. Kiongozi akipimwa kwa yale yaliyo mikononi mwake, hana pa kujificha kabisa. Majina ya wanariadha yalipelekwa kwa wakati au hayakupelekwa. Hesabu zilikaguliwa na kusomwa mbele ya wajumbe au hazikusomwa. Mkimbiaji alipata fedha yake ya ushindi yote au alizungushwa. Kambi ilikuwa na daktari au haikuwa naye. Idadi ya walimu waliofundishwa kufundisha riadha iliongezeka au ilibaki pale pale. Hayo hayangoji Olimpiki. Huhesabika kila mwaka. Na kiongozi asiyeyatimiza anapaswa kuondoka hata kama mwaka huo imepatikana dhahabu, kwa maana mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kipimo hicho kisomwe Karatu kabla ya kusomwa Dar es Salaam. Kila mwaka hufanyika mbio za Ngorongoro, ambazo huanzia kwenye lango la hifadhi na kuteremka hadi Karatu mjini, na vijana wengi wa vijiji vya njiani hujitokeza. Kiongozi wa riadha aulizwe: vijana wenyeji waliomaliza vizuri waliandikwa wapi? Ni wangapi waliofuatwa nyumbani mwezi uliofuata? Shule ngapi za Karatu na tarafa ya Ngorongoro zimepima watoto wao kwa saa, katika umbali uliopimwa kwa kamba, na kutunza matokeo hayo? Waliopatikana mwaka juzi, leo wako wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama nchi ina meneja au ina mtu wa kushika bendera uwanja wa ndege.

Katika kazi hii mwalimu na ofisa wa halmashauri si watazamaji. Saa ya mkononi na daftari moja la mistari hutosha kuanzia. Mwalimu anayeandika kwamba mtoto fulani wa darasa la sita amekimbia mita 1,500 kwa muda fulani, na kuandika tena baada ya miezi sita, amelifanyia taifa kazi ambayo hakuna kambi ya wiki tatu kabla ya Olimpiki inayoweza kuifidia. Ofisa michezo wa wilaya anayekusanya madaftari hayo na kuyapeleka juu amempa kiongozi wa taifa kitu cha kufanyia kazi, na amewapa wananchi kitu cha kumpimia.

Kwa hiyo wanaohusika wasisubiri mkutano mwingine wa kulaumiana. Kabla ya uchaguzi au ajira ijayo katika riadha, kipimo kiandikwe, kisomwe mbele ya wagombea, kisainiwe na anayekabidhiwa kazi, na kibandikwe mahali ambapo mwalimu wa Karatu anaweza kukiona. Kiwe na mambo machache, yanayohesabika, yaliyo ndani ya uwezo wa mhusika, na muda wa kuyatimiza. Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 imekaribia mno kuweza kuwa kipimo cha mtu atakayekabidhiwa ofisi sasa. Wakimbiaji wake wamekwisha kukua. Lakini yule atakayekimbia Brisbane mwaka 2032 yumkini bado ni mtoto anayeteremka mlima kila asubuhi akiwahi kengele ya shule, na hakuna aliyewahi kumshikia saa.