Mlimani Kuna Wenyeji Wengine

Wengi wetu tulioko Oman tukisikia Jabal Akhdar tunawaza baridi, mawaridi na makomamanga. Tuna haki: Nizwa chini panaunguza, na juu kwenye uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, unatafuta shali. Lakini mkishalipia nyumba ya wageni, msiishie kupiga picha za mawaridi. Mkono mmoja ushike darubini, wa pili umshike mtoto, maana magenge ya kule ni marefu.

Pale Birkat al-Mawz polisi hawapitishi gari lisilo fowili, basi jipangeni mapema. Amkeni alfajiri, kwani ndege huwa na shughuli nyingi kabla jua halijapanda. Kati ya vijiji vya Al Aqr na Ash Shurayjah kuna njia ya miguu inayopita kwenye matuta ya mashamba na mifereji ya falaj. Kaeni kimya karibu na maji dakika 20 tu. Kwenye maua mtamwona chozi, dume lake liking'aa zambarau juani. Wazee watamtambua, maana nyumbani wapo ndugu zake. Tetere naye hakosi.

Kisha tazameni juu. Ndege mkubwa mweupe, uso wa manjano, mbawa zenye weusi, ni tumbusi ambaye Waarabu humwita rakhma. Makinda yake ni ya kahawia, kwa hiyo watoto watabisha kwamba hao ni ndege wawili mbalimbali. Waambieni kwamba huyu huvunja yai la mbuni kwa kulipiga jiwe. Jane Goodall na mumewe, Hugo van Lawick, walishuhudia hayo Tanzania wakayaandika mwaka 1966. Tangu 2007 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka duniani, na Oman ni moja ya ngome zake kubwa, hasa kisiwa cha Masirah.

Hapa uuguzi unaingia. Diklofenaki, dawa tunayowapa watu wenye maumivu ya mgongo na viungo, ilipotumika kwa ng'ombe huko India na Pakistan, tumbusi waliokula mizoga yao waliharibika figo wakafa. Baadhi ya aina zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2006 India ilipiga marufuku kuitumia kwa mifugo. Basi anayefuga, huku au nyumbani, asimchome mnyama sindano ya binadamu kwa kukisia. Amwulize daktari wa mifugo.

Usiku zimeni taa, msikilize. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Magnus Robb walinasa kwenye milima hii ya Hajar sauti ya bundi wasiyemjua. Walimtangaza kuwa mpya. Baadaye vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa ni bundi aliyejulikana kwa ngozi moja tu ya karne ya 19, kutoka pwani ya Makran. Miaka yote hiyo alikuwa akilia milimani bila kutambuliwa.

Najua baadhi yenu mmeshaguna. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Nimekesha wodini usiku mwingi: wagonjwa huondoka bundi akilia, na huondoka asipolia. Yeye anamwita mwenzake au analinda mpaka wake. Mtoto akiogopa, mwambieni hivyo kwa Kiswahili, kwa sababu hofu hiyo aliirithi kwa Kiswahili.

Mbuzi mwitu wa Hajar msimtarajie sana, ni adimu na mwenye haya. Hayupo popote duniani ila Oman na Emarati. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Jayakar, daktari wa Kihindi aliyefanya kazi Muscat karne ya 19. Mtakaowaona kwa urahisi ni punda na mbuzi wa kufugwa, nao hushindana naye malisho.

Mkiondoka, beba mifuko yenu yote ya plastiki, kwani mbuzi huila ikawaziba matumbo. Msicheze sauti ya bundi kwenye simu ili mumwite, mtamsumbua anapolea. Na kila mtoto aandike majina matatu: chozi, tumbusi, bundi. Akipiga simu kwa bibi Ijumaa, atakuwa na habari za kumpa.