"Vaa Utakavyo" Si Ruhusa

Katika kikao chetu cha mwisho tulizungumzia wenzetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya kazi maofisini kiangazi hiki, na swali likawa lile la kila mwaka: tuvae nini? Mwenzetu mmoja akajibu kwa mkato, "Vaa utakavyo, hii ni London." Ukumbi ukacheka, mhadhiri wetu akatabasamu, tukaendelea na ajenda. Mimi sikucheka. Maneno hayo hayo niliwahi kuandikiwa na mwajiri, nikayaamini.

Ninaishi Peckham, nyuma kidogo ya barabara ya Rye Lane, kwa mjomba wangu. Mwaka jana nilipata nafasi ya miezi mitatu katika ofisi moja katikati ya jiji, na barua ilisema hakuna masharti ya mavazi. Siku ya kwanza nilivaa kama nilivyolelewa Tanga: suti nyeusi, shati jeupe lililopigwa pasi, tai. Nikawakuta wote wamevaa jinzi, fulana na raba. Kabla ya saa nne asubuhi mgeni mmoja alikuwa ameniuliza choo kiko wapi, na mwingine amenikabidhi koti lake. Katika jiji hili kijana mweusi mwenye suti nyeusi akisimama karibu na mlango huhesabiwa kuwa mlinzi. Nilipomsimulia mjomba jioni alicheka hadi akakohoa. "Mjomba, suti hiyo hiyo ninayo mimi," akasema. Yeye ni mlinzi wa usiku, na kodi ya chumba ninacholala inatoka katika suti hiyo, kwa hiyo sina dharau na kazi yake. Ila sikuwa nimeajiriwa kuifanya.

Siku ya pili nikavaa fulana na raba. Wa mapokezi akanisimamisha, akaniuliza chakula nimemletea nani.

Ijumaa ya wiki ya pili nikavaa shati la kitenge nililoshonewa hapa hapa Peckham. Msimamizi akaniambia kwa upole kwamba limependeza sana, ila labda si la ofisini. Aliyekaa meza ya pili kutoka kwangu alikuwa na kaptura.

Basi masharti yalikuwepo. Wenyeji wa pale waliyajua bila kuambiwa, na mimi niliyajua kwa kuyavunja, moja baada ya jingine. Ndiyo maana nasema "vaa utakavyo" si ruhusa hata kidogo. Anayeweza kuvaa kaptura ofisini bila kuulizwa chochote ni yule ambaye hakuna anayeshuku kwamba pale ni mahali pake.

Sisemi kwamba kila vazi lifae. Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko Kiingereza, kwa kuwa inagawa nguo kwa namna yake: kuna nguo za kushindia na kuna nguo za kutokea. Ya kushindia ni khanga iliyopauka, au fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, na mwenye nayo yuko kwake. Ya kutokea ni ile unayovaa ukijua utaonana na watu. Mgawanyo huu haujali gharama wala mtindo. Kanzu Zanzibar huingia ofisini siku ya Ijumaa bila mtu kushangaa. Uganda kanzu hiyo hiyo, ikivaliwa na koti juu, ni ya harusi. Jinzi safi inaweza kuwa ya kutokea na suti iliyokunjamana ikawa ya kushindia. Kwangu mimi vazi limezidi ukawaida pale anayekuja kuhudumiwa anapokuona akadhani hukumtarajia. Kandambili, kwa mfano. Kaptura ya kulalia. Fulana ambayo jana ilikwenda mazoezini na haijafuliwa. Na kama kazi ni ya kukaa na kompyuta chumba cha nyuma, hakuna mgeni wa kumtarajia, hata hizo sioni sababu ya kuzipigia kelele, isipokuwa ile fulana.

Najua watakaonijibu kwamba masharti yaliyoandikwa ni mabaya zaidi, na mifano wanayo nyumbani. Uganda, mwezi Julai 2017, wizara ya utumishi wa umma ilitoa waraka uliokataza watumishi wanawake sketi zisizofika goti, nguo zisizo na mikono na rangi za kucha za kung'aa, ukawaagiza wanaume shati la mikono mirefu na tai. Bungeni Dodoma, tarehe 1 Juni 2021, Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, alitolewa nje kwa sababu ya suruali iliyosemwa kuwa inabana. Nairobi, Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, ilhali Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akizivaa mara kwa mara. (Kule Westminster, tulikorithi mambo haya, Spika John Bercow alikuwa amesema mwaka 2017 kwamba tai si lazima.) Na neno linalotumika kutetea makatazo haya ni "heshima", neno zuri lisilo na kipimo, na anayepimwa zaidi ni mwanamke. Hoja hiyo naikubali.

Lakini angalieni kilichotokea hapa London. Desemba 2015 Nicola Thorp alifika siku ya kwanza ya kazi ya mapokezi akiwa na viatu bapa. Akaambiwa avae vyenye kisigino cha inchi 2 hadi 4. Alipokataa akarudishwa nyumbani bila malipo. Hoja aliyoianzisha ilisainiwa na watu zaidi ya 150,000, na Machi 2017 ikajadiliwa bungeni. Serikali haikubadili sheria, ila mwaka 2018 ilitoa mwongozo kwa waajiri. Aliweza kufika huko kwa sababu sharti lilikuwa na inchi zake. Sichalwe naye alitolewa mbele ya watu, kwa kauli ya Spika, na wabunge wenzake wanawake waliweza kulalamika hadharani. Mimi ningelalamikia nini? Mgeni aliyenikabidhi koti? Msimamizi aliyesema shati langu limependeza?

Kwa hiyo ofisi iandike inachotaka, kwa mistari michache, na iseme kazi ndiyo inayodai hivyo, si macho ya mtu. Na anayekwenda kuanza kazi aulize kwa barua pepe, ajibiwe kwa barua pepe. Wapo watakaosema kuuliza ni ushamba. Mjomba anasema kwenye kazi yake hajawahi kuuliza, kwani hata rangi ya soksi imeandikwa. Na kweli, simama kituoni Rye Lane kabla ya alfajiri uangalie wanaopanda mabasi ya kwanza kwenda kusafisha ofisi zile zile za jinzi na raba: aproni, nembo kifuani, viatu vyeusi. Wao hakuna aliyewaambia wavae watakavyo.

Jumatatu ijayo naanza mahali pengine. Safari hii niliuliza kabla, na dada wa utumishi akanijibu kwa mistari minne: jinzi sawa, raba sawa, kaptura hapana, siku za wateja vaa koti. Nikamwandikia tena kuuliza kuhusu kitenge. Akajibu siku hiyo hiyo kwamba sawa, siku yoyote, hata za wateja. Shati nimeshalifua, limekatika kifungo kimoja, na fundi wangu hafungui Jumapili, kwa hiyo lazima nimwahi kesho.