Daftari na Kiti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya maneno sita ina kiini cha elimu nzima ya uendeshaji wa biashara, wala hajatokea bingwa wa kuitangua. Walakini elimu yenyewe, tangu ilipoingia vyuoni, imepata maadui wa namna mbili. Adui wa kwanza huidharau. Husema kuwa ni kimbilio la wale walioshindwa na hesabu za uhandisi wakatishwa na damu ya hospitali. Kwamba kununua na kuuza hakutaki shahada, kwa kuwa mama muuza samaki wa Feri hakuisoma, naye hulala na faida. Adui wa pili huisifu. Humwonyesha kijana orodha ndefu ya vyeo: meneja, mhasibu, afisa masoko, afisa utumishi, afisa mikopo, mshauri wa makampuni, kisha humwambia, soma miaka mitatu, kiti kinakungoja. Adui wa kwanza hudhuru kidogo. Wa pili ndiye mharibifu, kwa sababu huahidi mali isiyo yake.

Ahadi hiyo ina nasaba. Shule ya Wharton ilianzishwa Philadelphia mwaka 1881, na ile ya Harvard mwaka 1908, wakati viwanda vya Marekani vilipokuwa vimekua kupita uwezo wa mwenye mali kuvisimamia kwa jicho lake mwenyewe. Mwaka 1911 Frederick Taylor alitoa kitabu chake juu ya kupima kazi za mikono kwa saa. Mwaka 1916 Mfaransa Henri Fayol, mzee aliyetumia umri wake katika kampuni ya migodi, aliandika kuwa kuendesha ni kutazamia, kupanga, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Yafaa isisahauliwe kuwa Fayol alianza na makaa ya mawe akaishia katika kitabu. Mwanafunzi wa leo huanza na kitabu, huzikariri kazi tano za Fayol kwa ajili ya mtihani, na aghalabu makaa hayaoni kamwe.

Katika Tanzania elimu hii ilikuja kwa haja ya kweli. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, nchi ikiwa changa na wajuzi wa vitabu vya hesabu wakiwa haba. Mwaka 1967 lilitolewa Azimio la Arusha, na mabenki, bima na viwanda vikubwa vikatiwa mikononi mwa umma. Mwaka 1972 Mzumbe ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka uo huo sheria ikaunda bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Siku hizo ahadi ya kiti haikuwa uongo. Dola ndiyo iliyokuwa mwenye duka, mwenye ghala na mwenye benki. Mhitimu alipelekwa kazini kama barua ipelekwavyo kwenye anwani yake. Kisha, katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yakauzwa, mengine yakagawanywa, mengine yakafungwa. Hata Benki ya Taifa ya Biashara ilikatwa vipande mwaka 1997. Viti viliuzwa pamoja na nyumba vilimokuwamo, lakini orodha ya vyeo haikufutwa. Wanafunzi wameongezeka mara nyingi, nao bado husomewa orodha iliyoandikwa kwa ajili ya nchi ambayo haipo tena.

Wenye orodha wakibanwa hukimbilia neno kujiajiri. Neno hilo ni zuri kinywani mwa mtu alipwaye mshahara kila mwisho wa mwezi. Kijana aliyetoka chuoni hana mtaji, hana dhamana ya kuipeleka benki, na katika miaka yake mitatu hakupewa hata meza moja ya kuuzia maandazi akaonyeshwa faida yake na hasara yake. Kumwambia ajiajiri ni kumtia mtu baharini aliyefundishwa kuogelea ubaoni.

Uadilifu wataka ikubaliwe kuwa ziko njia zilizo wazi. Atakaye uhasibu wa kweli ana mitihani ya bodi mbele yake baada ya shahada, na aishindaye hupewa imani ambayo cheti cha chuo peke yake hakiipati. Lakini njia hiyo ni nyembamba, na umati ulioambiwa kuipita ni mkubwa.

Lililo baya zaidi ni jambo la lugha. Biashara ya nchi hii hunenwa kwa Kiswahili, na Kiswahili hakikuikuta biashara jana. Mtaji, faida, amana, rehani, hundi, dalali, ushuru, hawala, yote ni maneno yaliyokwisha kupita bandarini na sokoni. Liko na neno mali kauli. Mchuuzi huchukua mzigo kwa mwenye duka bila fedha, kwa neno lake tu. Huuza, hurudisha bei waliyopatana, na ziada huwa yake. Humo mna mkopo, mna uaminifu, mna hesabu ya hatari, mna hata adhabu, kwani avunjaye kauli hapewi tena. Kuna upatu pia, ambao ni benki isiyo na mlango. Mwanafunzi hufundishwa mambo hayo hayo kwa Kiingereza, akayaandika vizuri katika karatasi ya mtihani, kisha akapita Kariakoo asiyatambue. Anadhani amesoma jambo la ng'ambo. Mchuuzi naye akimsikiliza humdhani mgeni. Elimu isiyoweza kumweleza mwenye duka kwa lugha yake maana ya uchakavu wa mashine yake, imlaumu nani akiidharau?

Na kazi ipo, tena inalia. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, hupimiwa, hupewa stakabadhi, mzigo huenda ghalani, kisha hupigwa mnada. Bei ya mnada hutangazwa na kila mtu huisikia. Zinapofika fedha, ni pungufu ya bei ile: umetoka usafiri, umetoka ushuru, limetoka gunia, limetoka fungu la chama. Huenda kila kato ni la haki, na huenda moja ni la wizi. Mkulima hawezi kujua mpaka apatikane mtu wa kumfungulia daftari na kumsomea mstari kwa mstari. Moshi kimekuwapo chuo cha ushirika tangu mwaka 1963, nacho kikawa chuo kikuu mwaka 2014. Haiwezi kusemwa kuwa elimu hiyo haijulikani nchini. Lakini katibu wa chama cha msingi hayumo katika orodha ya vyeo. Hana kiti cha kuzunguka wala kadi ya jina. Kwa hiyo mkulima husimama mlangoni mwa ghala na stakabadhi yake mkononi, na yule awezaye kuisoma yumo mjini, amesimama mlangoni mwa ofisi na bahasha yake.