Kwa Wazazi: Mtoto wa Miezi Saba na Kifafa

Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, akapona, akatembea, kisha siku moja akaanguka kifafa mbele ya watu, ndugu huanza kutafuta mlozi. Shangazi hutajwa, jirani hutajwa, na mara nyingi mama mwenyewe. Wazazi wapenzi, tusiende mbali hivyo. Kwa mtoto wa namna hii, mara nyingi chanzo cha ugonjwa chatoka katika siku zake za kwanza, nacho kimo katika ubongo wake.

Mimba iliyotimia ni ya majuma 37 au zaidi. Yule aliyezaliwa kabla ya majuma 32 amewahi mno. Ndani ya ubongo wake, kando ya vyumba vidogo vya maji, mishipa ya damu ni myembamba na dhaifu. Pumzi ikikatika, au damu ikienda kasi ghafula, mishipa hiyo hupasuka, hasa katika siku 3 za kwanza. Waganga wa hospitali hupima umwagikaji huo kwa daraja 4. Ya 3 na ya 4 ndizo za kuogopwa. Kwa wengine damu haimwagiki, lakini sehemu nyeupe ya ubongo hufa kwa kukosa hewa safi na damu ya kutosha. Pahali palipoumia hubaki kovu, na kovu laweza kuleta kifafa hata baada ya miaka mingi. Ugonjwa wa uti wa mgongo na upungufu wa sukari damuni huzidisha hatari.

Degedege la kitoto kama hiki si rahisi kulitambua. Mwili wote hautetemeki: macho hukodoa upande mmoja, mdomo hutafuna bure, miguu hukanyaga kama ya mpanda baisikeli, au pumzi husimama. Mtu aweza kudhani aota tu. Mama aonaye hayo amwite mwuguzi saa ile ile, maana mtoto aliyepata degedege mapema ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Huko Sweden wataalamu walichunguza habari za watu zaidi ya 600,000 waliozaliwa tangu 1973 hata 1979. Mwaka 2011 walitangaza kwamba waliozaliwa kabla ya majuma 32 walilazwa kwa kifafa, wakiwa watu wazima, karibu mara 5 kuliko waliotimia. Je, kule nako tuseme ni ulozi? Walakini wengi wao hawakuugua kamwe.

Mwanamke ashikwaye na uchungu mapema asingoje nyumbani. Hospitalini iko sindano ambayo, ikitangulia kuzaa, hukomaza mapafu ya mtoto na kupunguza damu kumwagika ubongoni. Kisha mtoto akae kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kama walivyoanza kufanya Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, masanduku ya joto yalipokuwa machache. Baba naye ambebe hivyo. Hatuoni aibu yo yote katika jambo hilo.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu akianguka msikimbie, kwa maana povu lake haliambukizi. Mwondoleeni mawe na moto, mlazeni ubavu, msimtie kijiko kinywani. Dakika 5 zikipita bila kutulia, apelekwe hospitali. Dawa yake, kama vile fenobarbitali, hunywewa kila siku, hata miezi ipitapo bila kuanguka. Kuiacha ghafula kwaweza kuleta degedege lisilokoma, nalo huua.