Viwango vipya vya mawimbi na mnunuzi wa Kisii

Katika maduka ya vyombo vya umeme mjini Kisii, na hata Keroka, waya unaelekea kuwa bidhaa ya kizamani. Runinga, spika, kompyuta na simu huuzwa kwa ahadi kwamba zitawasiliana zenyewe hewani. Ahadi hiyo si ya uongo, ila yafaa tuipime kabla mkulima wa chai wa Nyamira hajafungua mkoba wake.

Kiwango cha kwanza cha teknolojia ya Wi-Fi kilitolewa mwaka wa 1997. Vifaa vya kizazi cha saba vilianza kuidhinishwa Januari 2024, navyo hutumia masafa ya gigahazi 2.4, 5 na 6. Mwuzaji hutaja kasi tu. Hasemi kwamba kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyoshindwa kupenya kuta, na nyumba zetu nyingi ni za matofali. (Wazee waliokuwa wakizungusha antena za runinga kati ya vilima vyetu wangemwelewa upesi.) Ruta ikiwa sebuleni, chumba cha nyuma huangukia gigahazi 2.4 zile zile, zenye njia tatu tu zisizoingiliana. Katika nyumba za kupanga za Mwembe au Daraja Mbili, ruta kumi zikigombania njia hizo, filamu ya jirani huikwamisha yako.

Tukumbuke pia ving'amuzi. Desemba 2009 matangazo ya dijitali yalizinduliwa Nairobi kwa kiwango cha DVB-T. Muda si muda nchi ikahamia DVB-T2, na waliotangulia kununua wakabaki na visanduku visivyopokea kitu. Wi-Fi haina ukatili huo: kifaa kipya huelewana na cha kale, lakini kwa mwendo wa kile cha kale. Hivyo runinga ijuayo gigahazi 2.4 pekee haitapata mbio mpya kwa kuunganishwa na ruta ya bei ghali.

Kwa maoni yangu, Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo huidhinisha vifaa hivi, ingewataka wauzaji waandike kwa Kiswahili, juu ya kila kasha, masafa ambayo kifaa kinayatumia. Mnunuzi angelinganisha makasha mawili pale pale dukani. Kwa sasa, mwenye runinga isiyohama ukutani ana njia rahisi zaidi: waya wa mita kumi kutoka kwenye ruta, ambao bei yake ni ndogo na haugombani na jirani yeyote.